Moyo Nilioufanya Kipimo

Mashine ya ultrasaundi ililetwa hospitalini kwetu Migori katikati ya miaka ya tisini, imefungwa blanketi mbili nyuma ya pikapu. Ilikuwa imetumika ng'ambo kabla ya kutolewa kwetu kama msaada, na ilipangiwa kazi moja tu: kuangalia watoto tumboni mwa mama zao. Mimi nilikuwa mtu wa eksirei. Chumba changu ndicho kilichokuwa na pazia zito na umeme wa kutegemewa, basi mashine ikawekwa kwangu.

Hakuna aliyenifundisha kuitumia. Ilikuja na vitabu viwili, kimoja cha uzazi na kingine cha moyo, na vifaa viwili vya kupitisha mwilini: kipana cha tumbo, na kidogo ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Kitabu cha moyo ndicho kilichonieleza. Nilikisoma kama nilivyosoma kila kitu tangu nilipoajiriwa kuosha filamu katika chumba cha giza, yaani kwa kunakili. Ukurasa mmoja kila jioni, kamusi upande wa kushoto, daftari upande wa kulia. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na jioni zangu hazikuwa na mtu wa kuzigombania. Nilikuwa nimetoka Taita kuja Migori kwa ajili ya kazi. Mke wangu alikataa kunifuata, na baada ya miaka michache barua zake zilikoma. Kidholuo nilijua cha salamu na cha kumwambia mtu avute pumzi na aishikilie. Kwa mengine yote nilitumia Kiswahili, na watu walinijibu kwa Kiswahili kile wanachomwekea mgeni, kifupi na cha adabu.

Kitabu kilisema jambo moja ambalo nililipigia mstari: kabla ya kuangalia mioyo migonjwa, angalia mioyo mizima mingi. Hapo ndipo nilipokwama. Wanaume hawakukubali kulala kwenye kitanda kile. Mji mzima ulishajua kuwa ni kitanda cha wenye mimba. Afisa wa kliniki, ambaye ndiye aliyekaribia zaidi kuwa rafiki yangu pale, nilimwomba mara tatu.

"Omera, mimi nilale hapo?" aliniuliza akicheka, akiniita ndugu kwa Kidholuo. "Mtu apite kwa dirisha aende akisema daktari amepatikana na mapacha?"

Wanawake walikuja wengi, lakini walikuja kwa ajili ya mtoto. Sikuwa na sababu ya kumwambia mama mjamzito, mimi mwanamume tena mgeni, afungue na kifua. Nao waliotumwa kwangu kwa ajili ya moyo walikuwa wachache na tayari wagonjwa, wengi wao vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya viungo utotoni. Mioyo yao ilikuwa imevimba. Haikunifundisha lolote kuhusu moyo mzima.

Ukabaki moyo mmoja tu wa kuutazama nitakavyo.

Hospitali ilikuwa ya Wasabato, na Jumamosi ilifungwa isipokuwa kwa dharura. Nyimbo zilisikika kutoka kanisani, ng'ambo ya uwanja. Mimi nilikuwa Mwanglikana wa Krismasi na Pasaka, kwa hiyo hakuna aliyenitazamia popote. Nilijifungia chumbani, nikavua shati, nikalala kwa ubavu wa kushoto, skrini nimeigeuza inielekee, na kwa mkono wa kulia nikakibana kile kifaa kidogo chini ya titi. Vyumba vinne vya moyo vilijitokeza, viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Nilisimamisha picha, nikapima kila chumba, nikachora. Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi. Mchoro wa mwisho niliuchora kwa wino, nikaubandika ukutani juu ya mashine, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: KAWAIDA.

Mambo mawili hayakulingana na kitabu. Upande wa kulia wa moyo wangu ulikuwa mpana kuliko ule wa kitabuni. Na katika ukuta unaotenga vile vyumba viwili vya juu, katikati, palikuwa na pengo. Mstari mweupe ulikatika, kisha ukaendelea. Jambo la kwanza nililieleza mwenyewe: mchoro wa kitabuni ni mchoro tu. La pili kitabu kilinieleza. Kilisema kwamba ukuta ule ni mwembamba sana katikati, na mtu akiutazama kutoka kwenye ncha ya moyo, mawimbi ya mashine hupita sambamba nao bila kurudi, ukaonekana umetoboka ilhali ni mzima. Ili kuwa na hakika, kilisema, utazame kutoka chini ya mbavu, tumbo likiwa limelegea.

Nilijaribu. Lakini kila nilipoinua kichwa kuitazama skrini, misuli ya tumbo ilikaza na picha ikapotea. Nilijaribu kwa Jumamosi mbili, nikaacha. Daftarini niliandika: pengo la uongo, kama inavyotarajiwa.

Mwaka uliofuata, mvua za vuli zilipoanza, aliletwa msichana kutoka Muhuru Bay. Alikuwa ameolewa huko kwa miezi minane. Kwao ni Magunga, na kama ilivyo desturi ya wenyeji, ukweni hawakumwita kwa jina bali kwa alikotoka: nyar Magunga, binti wa Magunga. Alikuja na mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye biashara yake ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani. Afisa wa kliniki alikuwa amemsikiliza msichana kifuani akasikia sauti ambayo hakuipenda. Kwenye karatasi aliandika: tundu kati ya vyumba vya juu? Na alama ya kuuliza aliikoleza.

Nilimpa mama mkwe kiti. Hakukaa.

"Daktari, mimi nitasema mbele yake, sisemi nyuma ya mtu. Huyu akibeba karai moja ya omena kutoka kwa maji mpaka kwa nyavu, anakaa chini. Wenzake wanabeba sita. Akifagia, anakaa. Akichota maji, anakaa. Sasa wewe angalia na hiyo mashine yako. Kama ni ugonjwa, ni wetu, tutaubeba. Kama ni uvivu, arudi kwa baba yake akakalie huko."

"Nachoka, mama," msichana alisema. Hakuwa na zaidi ya miaka kumi na tisa.

"Nani hachoki? Hata jua inachoka, inaenda kulala. Lakini si saa tatu asubuhi."

Nilimlaza kwa ubavu. Pengo lilikuwa pale. Upande wa kulia ulikuwa mpana. Niliutazama mchoro ukutani, nikaitazama skrini, nikautazama tena mchoro. Vilifanana kama picha mbili za mtu mmoja. Kutoka chini ya mbavu sikumtazama. Alikuwa amekaza tumbo kwa aibu, mama mkwe amesimama juu yake, nami sikuona haja, kwa kuwa nilikuwa na kipimo changu ukutani. Nikaandika: Moyo wa kawaida. Hakuna tundu.

Mama mkwe aliniomba nimsomee kwa Kiswahili. Nilimsomea. Aliikunja karatasi mara nne akaitia kifuani. Msichana alikuwa akifunga vifungo vya blauzi. Alifunga kimoja, akatulia, akafunga kingine. Niliona. Wakati ule sikuliandika popote.

Kabla ya Krismasi mgonjwa mwingine wa Muhuru alinisimulia, kama mtu anayesimulia kichekesho, kwamba karatasi ya hospitali ilisomwa kwenye nyavu za kuanikia omena mbele ya wanawake wote, na kwamba nyar Magunga alirudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Mvua za masika zilipofika nilishikwa na kikohozi kisichokwisha. Nyumba yangu ilikuwa juu ya kilima kidogo nyuma ya hospitali. Nilikuwa nimezoea kusimama mara tatu njiani, na sasa nikawa nasimama mara tano. Afisa wa kliniki alinivua shati, akanisikiliza mgongoni, kisha kifuani. Kifuani alikaa muda mrefu.

"Vuta. Toa. Vuta tena, toa polepole." Aliondoa stetoskopu masikioni. "Ile sauti ya pili ya moyo wako imegawanyika, na haiungani hata ukitoa pumzi. Unajua mara ya mwisho niliisikia kwa nani?"

Nilichukua shati langu nikaanza kulivaa.

"Yule msichana wa Muhuru. Ule moyo uliandika ni mzima."

Nilimwambia avue shati.

"Mimi tena?"

"Lala kitandani."

Safari hii hakucheka. Alilala. Upande wa kulia wa moyo wake ulikuwa mwembamba, umejibana kando ya ule wa kushoto, sawasawa na kitabuni. Ukuta wa juu ulififia kidogo katikati, kama kitabu kilivyosema. Nikamgeuza chali, nikamkunjisha magoti, nikakisukuma kifaa chini ya mbavu, tumbo lake limelegea. Ukuta ukatokea wote, mstari mmoja usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa moyo wa kwanza mzima kuuona maishani mwangu. Niliutazama mpaka akalalamika kwamba ile jeli niliyompaka inamtia baridi.

Kisha nikabandua mchoro wangu ukutani.

Jioni ile nilikaa mezani na kitabu hakikufunguliwa. Nilikumbuka njia ya maji kule Taita, ndugu zangu wakinitangulia mlimani na kuniita kobe. Nilimkumbuka baba akisema huyu apelekwe shule, shambani hana faida. Miaka yote nilidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyochoka, ila wenzangu wanajua kuvumilia. Sikuwa nimewahi kuwa na mwili mwingine wa kulinganisha nao. Nilitaka kumwambia mtu. Nilichukua karatasi nikaanza kumwandikia mke wangu. Niliandika tarehe na salamu, halafu nikagundua kwamba sijui kama anwani yake bado ni ile.

Jumapili nilikwenda Homa Bay, na kutoka hapo nikapata lori la mahindi lililokuwa likienda Magunga kupitia bonde la Lambwe, ambako mitego ya mbung'o ya vitambaa vya buluu ilining'inia kando ya barabara. Nilimkuta nyar Magunga kwa baba yake, ameketi kando ya ghala akipepeta wimbi. Baba yake alikuwa malishoni. Msichana alinitambua nikiwa bado langoni, na hakuinuka.

"Daktari wa karatasi," alisema. "Umeniletea ingine?"

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba niliutumia moyo wangu kuwa kipimo cha mioyo mingine, kwamba sasa nina sababu ya kuamini moyo huo wangu una tundu, na kama unalo, basi na wake unalo. Nilimwambia kwamba tundu la aina ile hushonwa Nairobi, na kwamba kuna daktari wa moyo anayefika Kisumu mara chache kwa mwaka ambaye angeweza kumpeleka. Likiachwa, mapafu huharibika polepole na siku hufika ambapo kushona hakusaidii tena. Lakini lazima kwanza aje Migori nimpime kwa njia ifaayo, ndipo niandike barua.

Alipepeta mara nne, akautua ungo mapajani, akangoja pumzi.

"Kwa hivyo hata wewe ni mvivu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe nani alikufukuza?"

Nililifikiria swali lile. "Hakuna. Nilikuwa naishi peke yangu."

Hapo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Sikia. Mimi sitalala kwa hicho kitanda tena mpaka uende Muhuru. Uende pale kwa nyavu, pale walisoma karatasi yako. Uwaambie wote wakisikia kwamba sikuwa mvivu."

"Siwezi kusema kabla sijapima. Nitakuwa nikisema jambo nisilolijua bado."

"Na ile mara ya kwanza, ulikuwa unajua?"

Nilirudi Migori kwa lori la jioni. Katika kazi yangu sikuwahi kutamka kitu kabla ya kukipima, na hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo pale mjini. Nilihesabu pia kwamba daktari wa moyo angefika Kisumu baada ya majuma sita, na baada ya hapo si kabla ya mwisho wa mwaka.

Jumatano nilikwenda Muhuru Bay. Nilikuwa nimemwomba afisa wa kliniki aniandikie sentensi tatu za Kidholuo, nikazikariri njia nzima. Mama mkwe alikuwa ufuoni akipokea omena kutoka kwenye boti. Aliponiona, hakushangaa wala hakufurahi.

"Kama una maneno, yapeleke kule kwa nyavu ndiko kuna watu," alisema. "Na hapa hakuna mtu anapanda mikono mitupu." Akanitwika karai.

Kutoka majini hadi kwenye nyavu palikuwa na mwinuko mdogo wa mchanga, labda hatua mia moja. Maji ya omena yalinichuruzika shingoni. Nilipofika juu nilitua karai mbele ya wanawake wapatao kumi waliokuwa wakitandaza na kugeuza samaki, nikafungua kinywa nitoe sentensi ya kwanza. Haikutoka. Nilishika magoti nikavuta hewa, nikajaribu tena, ikatoka nusu. Wanawake walianza kucheka. Mmoja alisema kitu kuhusu wanaume wa ofisini, na kicheko kikazidi.

Mama mkwe alikuwa amenifuata na karai lake kichwani. Alilitua. Hakucheka. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri inayokwisha, akinisikiliza nikihema.

"Nyamazeni," aliwaambia. Kisha kwangu: "Hivi ndivyo alikuwa anapumua. Hivi hivi, na huo mlio mwishoni. Nilidhani anafanya makusudi."

Pumzi iliporudi nilisema sentensi zangu tatu: kwamba nilikosea, kwamba sababu ya kosa ilikuwa moyo wangu mwenyewe, na kwamba msichana wao alikuwa akichoka kwa sababu ya ugonjwa. Nilizisema vibaya, lakini zilieleweka. Mama mkwe alilimwaga karai lake wavuni, akalifudikiza mchangani.

"Kaa hapo," alisema.

Nilikaa juu ya karai. Wanawake walirudi kugeuza omena. Nilikaa pale karibu nusu saa na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimekaa.

Nyar Magunga alikuja Migori juma lililofuata akiwa na baba yake. Mama mkwe naye alikuja, bila kualikwa, na safari hii nilipompa kiti alikaa. Baba alingoja nje. Nilimlaza msichana chali, magoti juu, nikamtazama kutoka chini ya mbavu. Ukuta ulitoka upande mmoja, ukakatika katikati na kingo zake nene zikionekana wazi, kisha ukaendelea. Kwa hakika zaidi nilimwomba afisa wa kliniki atikise maji ya chumvi kati ya sindano mbili mpaka yawe na povu laini, ayaingize kwenye mshipa wa mkono. Chumba cha juu cha upande wa kulia kilijaa weupe mara moja. Kisha mahali pale penye pengo damu safi kutoka kushoto ikasukuma, ikachimba ndani ya ule weupe kishimo cheusi kilichotokea na kupotea kwa kila pigo.

"Hapo penye nyeusi inaingia," mama mkwe alisema, amesimama bila kujijua. "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Na ilikuwa hapo hata ile siku?"

"Ilikuwa hapo."

Niliandika barua palepale. Barua ile ilimfikisha Kisumu, na miezi kadhaa baadaye Nairobi, ambako alishonwa. Muhuru hakurudi, ingawa mama mkwe alimwita mara mbili. Alipokataa, alikataa kama mtu aliyeitwa, si kama mtu aliyefukuzwa.

Lakini siku ile ya barua, baada ya kufuta jeli na kufunga blauzi yake, hakuondoka. Alibaki amesimama kando ya mashine.

"Sasa wewe lala," alisema.

Afisa wa kliniki alisema wanawake watatoka kwanza.

"Mimi sitoki," alimjibu. "Yeye aliona yangu."

Nilivua shati, nikalala chali, nikakunja magoti. Afisa alikishika kifaa kama nilivyokuwa nimemwelekeza na kukisukuma chini ya mbavu. Shingo yangu ilijiinua yenyewe.

"Shusha kichwa, omera. Tumbo linakaza."

Nilishusha. Kutoka pale skrini haikuonekana. Kilichoonekana ni ukuta juu ya mashine na alama nne za gundi pale mchoro ulipokuwa.

"Kuna nini?" niliuliza.

Afisa alikuwa akihangaika kukishikilia kifaa. Nilisikia hatua za msichana zikisogea karibu na mashine.

"Mstari unatoka huku," alisema polepole. "Unakuja. Unakuja." Akainamia skrini. "Umekatika. Halafu unaanza tena huku mbali."

"Una hakika?"

"Ni kubwa kuliko yangu. Usiinue kichwa."

Sikuinua.